Viti vya Watu

Friji iliondoka Alhamisi saa nne asubuhi,
juu ya guta la Lomayani,
imefungwa kamba kama ng'ombe wa mahari.
Nyama yote ikabaki mezani ikitoka maji.
Ndivyo karamu ilivyoanza. Si kwa ukarimu,
kwa hofu ya kuoza.

Mama na Konsolata walikuwa wamefika Jumatatu kutoka Gitega,
siku mbili za basi, Kobero, Kahama, Singida,
miguu imeumuka kama mikate.
Wamekuja kunichukua,
kana kwamba mtu wa miaka arobaini na mitatu
anaweza kupotea njia ya kwao.
Miaka tisa nilimwambia, Mama, njoo Arusha uone ninavyoishi.
Kulikuwa na mavuno, kulikuwa na goti, kulikuwa na msiba.
Sasa amesimama mlangoni pangu, Njiro,
na kila kitu kina karatasi ya gundi:
kochi, meza, kabati la vyombo,
jina la mtu na bei.
"Na mimi," akauliza kwa Kirundi, "nimeandikwa nani?"

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri mikutano.
Waziri akikohoa, nami nakohoa kwa Kiswahili sanifu.
Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa ruhusa yako.
Sentensi haikuwahi kunishinda
mpaka Mama Ndeshi aliposhika sufuria yangu kubwa
akasema, "Elfu nane, shoga, hii ina kovu,"
nikakosa namna ya kumweleza mama yangu
kwa nini kovu linashusha bei.

Mama akaichukua mikononi mwake,
akaigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza,
akainua vidole kumi, halafu viwili.
Mkalimani hakuhitajika.
Ikaenda kwa kumi na mbili, lakini kesho,
maana leo ina maharage.

Tukaishi hivyo, wapangaji wa vitu vyetu.
Kochi ni la Bwana Nnko, atalifuata Jumamosi.
Godoro ni la mwanafunzi wa uhasibu
aliyetoa nusu na kuapa kwa jina la bibi yake.
Kabla ya kukaa Mama anasema, "Hodi, Nnko,"
anasubiri kidogo,
anakaa.
Usiku, gizani, ananinong'oneza:
"Huyu mwanafunzi analala upande gani?"
Konsolata akacheka hadi kitanda,
ambacho nacho ni cha mtu mwingine, kikalalamika.

Na Meru, wiki nzima, ndani ya mawingu.
"Mlima wenu mmeshauuza?"
Hapana, Mama. Ni Julai tu.

Basi Alhamisi jioni wakaja wote,
wenye mali na majirani, wengine wote wawili kwa pamoja.
Ndizi, nyama, maharage, mtindi uliokuwa njiani kuharibika.
Kila mtu alikula kwenye sahani aliyoinunua.
Mama Ndeshi alivihesabu vijiko vyake kwa macho, mara mbili,
kisha akaacha, akaimba.
Nikafungua mdomo niseme karibuni
neno likanigeukia: namkaribisha nani, wapi?
Bwana Nnko, kwenye kochi lake kwa mara ya kwanza,
akasogea, akapiga-piga nafasi kando yake:
"Karibu, mama, jisikie uko nyumbani."
Wote wakanitazama, nitafsiri.

Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa
nilikosea kwa makusudi.
"Anasema," nikamwambia Mama, "alikuwa anakusubiri."
Akaitikia kwa kichwa. Akakaa karibu yake
bila hodi.

Ijumaa nilimkuta sebuleni na koleo ya jirani.
Anang'oa misumari,
ya kalenda, ya saa, ya picha ya ubatizo,
anaifunga kwenye leso mmoja mmoja,
hata uliopinda.
Nikamwambia, Mama, iache, msumari ni shilingi mia.
Hakugeuka.
"Kwetu nako kuna kuta," alisema.